King'ora Hakisemi Zoezi

Baba alikuwa amesimama juu ya kigoda akifungua kipande cha mpira alichokata kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira ulishikilia taulo, na taulo ilifunika king'ora cha moshi kilichogongomewa kwenye dari ya korido. Siku kumi na mbili zilizopita kilikuwa kimevishwa taulo nne, kama mgonjwa wa homa. Kila baada ya siku tatu alivua moja, ili binti yake aizoee sauti taratibu. Leo alikuwa anavua ya mwisho.

"Usije ukakipasua," Mama alisema kutoka jikoni.

"Mikono hii inaunga mageti ya chuma, itashindwa na kidude cha plastiki?"

"Ndiyo maana nakuambia."

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Kuhusu usonji hakuwa na elimu zaidi ya ile aliyoipata kwa kumtazama binti huyu kwa miaka kumi na tisa. Nyumbani walimwita Bosi, kwa sababu hakuna kikombe kilichothubutu kukaa mahali pasipo pake. Jumatatu Mama angeanza kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na Bosi angebaki peke yake, ghorofa ya tatu, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Kupasha chakula alijua. Kufunga mlango alijua. Kilichobaki ni moto. Zamani king'ora kikilia alijifungia kabatini, na hakutoka hata kwa kubembelezwa.

Baba akashuka, akasimama mlangoni pa chumba cha binti yake.

"Bosi, zoezi."

Akabonyeza kitufe kwa mpini wa ufagio. Sauti ikapasua korido. Bosi akavaa viziba masikio vikubwa ambavyo baba yake alivitoa karakana, akaingiza miguu kwenye kandambili, akashuka ngazi bila kukimbia, akaenda kusimama nje ya geti, penye mita za maji. Sekunde hamsini na mbili, kwa saa ya Baba aliyemfuata nyuma.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini akatoa kichwa dirishani.

"Jirani, leo mmeunguza nini tena?"

"Maji," Baba akajibu.

"Basi mjue nimeshtuka, tundu la kifungo limekuwa dirisha!"

Walipanda juu, Baba akicheka, Bosi akihesabu ngazi.

Haikupita saa moja. Mama aliweka vitunguu kwenye mafuta, akatoka kuanua nguo. Baba alikuwa bafuni, sabuni imemfika viwikoni. King'ora kikalia.

Alipotoka, moshi ulikuwa unatambaa darini. Akazima jiko, akakimbilia chumbani. Bosi alikuwa kitandani, viziba masikio kichwani, kandambili miguuni, anayumba mbele na nyuma huku macho yake yako mlangoni.

"Toka, Bosi!"

"Hujasema zoezi."

"Huu ni moshi wa kweli, mwanangu!"

"Hujasema."

Kilichoungua ni vitunguu na sufuria tu. Mama alifika na nguo begani, akafungua madirisha yote, kisha akasimama jikoni.

"Jumatatu nani atamwambia? Wewe uko karakana, mimi niko hospitali. Nampigia msimamizi sasa hivi, namwambia siji."

"Usipige kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili jioni. Akiwa bado hashuki mwenyewe, nitapiga mimi."

Mama akaiweka simu mezani, lakini hakwenda mbali nayo.

Baba alikaa kwenye kigoda. Hakumlaumu mtu. Siku kumi na mbili alidhani anamfundisha binti yake king'ora, kumbe alimfundisha sauti ya baba. Msichana alikuwa amejifunza barabara. Kasoro ilikuwa kwenye somo.

Moshi ulipokwisha, akaenda kukaa sakafuni karibu na kitanda.

"Nimekosea mimi, Bosi. Siku ya moto huenda hakuna wa kukuambia. King'ora peke yake kinatosha."

"King'ora hakina mdomo."

"Hakina. Kinalia tu. Kikilia, unashuka."

"Hata usiposema?"

"Hata nisiposema. Hata nikiwa sipo."

Bosi akageukia ukuta.

"Kikilia bila kuambiwa, kinaniuma hapa," akasema, akagusa kifua. "Leo kimeniuma."

Baba akabandua sabuni iliyomkaukia viwikoni. Alikuwa amewahi kumwona akimaliza siku mbili bila kula kwa sababu ya honi ya lori. Akimwambia mapema, zoezi halina maana. Asipomwambia, anamuumiza mtu ambaye hajakosa lolote.

"Basi tuache," Mama alisema kutoka mlangoni. "Kazi zipo nyingi, nitapata nyingine ya hapa karibu."

"Niambie siku," Bosi akasema. "Usiniambie saa."

Baba akageuza kichwa. "Unasemaje?"

"Siku nijue. Nijiandae. Saa nisijue. Na mlango wangu ukae wazi."

Mama alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama kandambili za Bosi.

"Kesho?" Baba akauliza.

"Kesho ni Ijumaa."

"Ijumaa, ndiyo."

"Sawa. Ijumaa."

Mama akaichukua simu, akaitia kwenye mfuko wa gauni bila kupiga. "Jumapili jioni," akamkumbusha.

Baba akaenda kwenye kalenda iliyoning'inia kando ya friji. Kwenye kisanduku cha kesho akaandika: king'ora, bila neno. Alitaka kuongeza na saa, asije akasahau akiwa karakana, akasikia pumzi nyuma ya bega lake. Bosi alikuwa anasoma.

Akafunga kalamu, akaenda kusugua sufuria.