Isale la Baba

...na chumvi ameitia, naisikia inavyowasha kwenye malengelenge, hakuniuliza kama nataka, ameleta tu karai la maji ya moto akaliweka miguuni pangu hapa uani nyuma ya duka, akachuchumaa, akasema, leta mguu, shemeji, nami nikautoa, ningefanya nini, kukataa ni utovu wa adabu na kukubali ndiyo hii aibu inayonipanda kuanzia nyayoni, Agnesi, mke wa kaka yangu, ananisugua visigino kwa dodoki na kuguna, pole, pole sana, hiyo reli imekuumiza, na mimi natazama ukuta kwa sababu ukuta hauna macho, na kaka amesimama mlangoni, nusu yumo dukani nusu yumo uani, kibaba cha kupimia maharage mkononi, anacheka, anasema leo Kariakoo kumetokea miujiza, nyumba ya kupe inamwosha miguu mjamaa, maana sisi tumetembea kutoka Moshi kuunga mkono Azimio la Arusha na yeye ana duka, tangu nifike ananitania hivyo, eti mmekata njia yote hiyo kwa miguu mje kuninyang'anya gunia langu la vitunguu, ungeandika tu ningekuletea, nami nacheka, nacheka vizuri kabisa, mtu angeniona angesema huyu ana furaha ya kumwona nduguye, kisha kaka Marcelino akaacha kucheka na sauti yake ikageuka ikawa ile ya nyumbani, ya kule mgombani, akauliza, "Na mzee? Mzee amekutuma nini?" na kabla sijafungua mdomo mteja akaita huko mbele, akasema ngoja, narudi, akaenda, anapima maharage ya mtu, atamaliza, atarudi, na mimi ndani ya shati, upande wa moyo, nina jani.

Jani tu, laiti lingekuwa lile, lile lilikuwa isale la kwetu, la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo wetu, pana, kijani tupu tangu shina hadi ncha, baba alilikata mwenyewe asubuhi ya mimi kuondoka, yule mzee ambaye sijawahi kumwona akimwomba mtu radhi, hata padri, alitoka na kisu kidogo kabla umande haujakauka, akainama, goti lake bovu likalia, akalikata, akalifunga fundo polepole, akanipa bila kunitazama usoni, akasema, "Mpe Marcelino. Mwambie nimelikata kwa mkono wangu," na basi, akaingia ndani, kwa sababu hakuna zaidi ya kusema, ukimpelekea mtu isale umeinama mbele yake, naye akilipokea amesamehe, hawezi kulikataa hata kama moyo wake umejaa nyongo, ndivyo tulivyolelewa, watu wameuana kwetu na isale likawapatanisha, nikalifunga kwenye kitambaa nikaondoka nalo, mpeleka radhi wa baba, na njia nzima ya kwanza nilikuwa najisikia mtu mkubwa, wenzangu wamebeba bendera na mimi nimebeba kitu kizito kuliko bendera, tunafuata reli, mataruma yale yamekaa karibu mno kwa hatua moja na mbali mno kwa hatua mbili, unatembea kama mwenye pingu, ukishukia kokoto kifundo kinakuteguka, lakini tunaimba, tunaipita Kahe, tunaipita Same, kila stesheni vigelegele na uji, na mkono wangu kila mara unagusa kifua kuona kama lipo...

Kwa nini ilikuwa lazima iwe mimi, Kitwana kiongozi wetu angemchagua mwingine yeyote, lakini alisema Polycarp ana homa, hawezi kwenda mwendo wetu, Gaudens baki naye, nyinyi ni watu wa nyumbani, akatupa chupa ya maji, wakatangulia, ilikuwa tumeshaiacha Makanya, nyika tupu, upande huu milima ya Upare, upande ule mto Pangani umejificha kwenye mstari wa miti, unauona na huwezi kuunywa, na reli inatetemeka kwa jua, nikamlaza Polycarp chini ya kalavati, kwenye kivuli, akafumba macho, nikasema nionje kidogo, nikaonja, nikasema kidogo tena, kisha nikaona chupa nyepesi, nikamwambia naenda kukuletea mengine, akaitikia kwa kichwa, akaniamini, sikwenda kuleta maji, nilikwenda kula, nilifika Hedaru nikasikia harufu ya nyama, watu wanapiga makofi, Kitwana akauliza Polycarp yuko wapi, na mdomo wangu, mdomo huu huu, ukasema yuko nyuma tu, anakuja, nikapewa sahani nikala, nikajiambia nikimaliza nitarudi, nikamaliza, nikakaa, jua likateremka nikiwa nimekaa, hadi vibarua wa genge la reli walipomleta kwenye toroli yao, midomo imepasuka, akaitazama ile chupa iliyokuwa bado inaning'inia begani mwangu.

Kitwana alisema treni ya kwanza ya kwenda Moshi nipande, nirudi, na Moshi watajua kwa nini nimerudi, kijiji kizima kitajua, baba atajua, nikaona lango letu na watu wamesimama, na mkono ukaingia ndani ya shati kabla sijauruhusu, ndivyo ninavyojiambia, lakini ni uongo, niliuruhusu, nilijua ni jani la nani, nilifungua kitambaa nikijua, nikapiga goti mbele ya Polycarp nikampa isale la baba yangu kwa ajili ya maji niliyokunywa mimi, naye alikuwa anatetemeka kwa homa, lakini ni mtu wa Kibosho, mlimani kwetu, alijua anachopewa, akainuka akalipokea kwa mikono miwili akamwambia Kitwana, imekwisha, aendelee na sisi, na wale wengine wakashangaa jani gani hili lenye nguvu kuliko kiongozi, na mimi nikaendelea, Mkomazi wakatuchinjia mbuzi, Mombo wakatujazia machungwa mifukoni, nikala mbuzi, nikamenya machungwa... Korogwe nilimfuata Polycarp, tulikuwa tumeshuka mtoni kufua, daraja liko juu yetu, nikamweleza lile isale lilikuwa la nani na lilikuwa linakwenda wapi, nikamwomba anirudishie, hakukasirika hata, aliendelea kukamua shati lake, akasema, "Nikikurudishia, Gaudens, nakurudishia na kosa lako. Unalitaka?" na pale, kwenye mawe yale, nilikuwa na nafasi, ningesema ndiyo, nalitaka, nipe, ningepandishwa treni na isale ningelipeleka baadaye mwenyewe au angelipeleka mwingine, neno moja tu, ndiyo, badala yake nikasema, basi, liache, tukaanika nguo, na tangu siku hiyo analibeba kwenye utepe wa kofia yake, mashamba ya mkonge yote yale nimetembea nyuma ya kofia ile, Wami, Ruvu, mpaka tunaingia mjini watu wanaturushia maua, mimi natazama ncha ya kijani.

Na hili la kifuani, Mungu wangu, hili ni la Posta, leo asubuhi baada ya hotuba tulipoambiwa kila mtu aende kwa jamaa zake, nikapita kwenye bustani ya ofisi moja, masale yamepandwa mstari kama walinzi, yanafanana na ya kwetu, yanafanana sana ukiwa mbali, mtunza bustani alikuwa amenipa mgongo anamwagilia, nikachuma moja, nikalifunga fundo nikitembea, nimekuja nalo hadi Msimbazi nikiliambia wewe ndiye, wewe ndiye, lakini lina mchirizi wa njano pembeni, kila upande, na kwetu hakuna isale lenye njano, ingawa Marcelino amekaa mjini miaka, huenda amesahau, uani hapa mwanga ni hafifu, nikimpa limekunjwa... atalia, namjua, atalipokea kwa mikono miwili na atalia, mwaka huu Krismasi atapanda basi aende nyumbani, na baba atafikiri ni jani lake lililomrudisha, nani atakuwa ameumia, hakuna, nani atajua, mimi na Polycarp tu, sasa jirani, mzee Narendra wa duka la khanga, anachungulia mlangoni, ameleta kichupa cha dawa ya zambarau, anamwambia Agnesi ampake kijana, safari kubwa hiyo, mtu wa namna hii ataijenga nchi, anatikisa kichwa kwa heshima, heshima, kwangu mimi, anaondoka, namsikia Marcelino huko mbele akisema dada, bei ni hiyo hiyo, mimi pia nimenunua, na mteja anasema punguza, punguza bwana, asipunguze, wabishane, wabishane mpaka kesho.

Agnesi ameusimamisha mkono, ananiuliza kitu, ananiuliza polepole bila kuinua kichwa, ile migomba ya nyuma ya nyumba, inayoteremkia mfereji, bado ipo, nasema ipo, anasema, "Niliiona mara moja tu, nikiwa nje ya lango. Pana kivuli pale, siyo?" nasema pana kivuli, shemeji, anasema, nilidhani hivyo, anarudi kusugua, na sasa mguu wangu ndani ya viganja vyake umekufa ganzi, kwa sababu nimemwona tena, siku ile, amesimama nje ya lango letu na Severa, binti yao, mikononi, amemfunika kwa khanga mpya, wamesafiri na maiti ya mtoto usiku kucha kutoka huku Dar, na Marcelino anamwomba baba amruhusu amzike bintiye mgombani kwa babu zake, na baba anasema, pombe ya mbege ya ndoa yenu haijanywewa hapa, mlikimbilia mjini, mtoto wa nyumba isiyojulikana hazikwi katika kihamba changu, na mimi niko nyuma ya baba, nimelishika lango, si kwamba nililifunga, nililishika tu, wakageuka wakarudi naye huku huku akazikwa Kinondoni kwenye mchanga, na wakati wote huo nilimwangalia kaka, nilimwonea huruma kaka, kijiji kizima tulisema masikini Marcelino, mzee amemtenda vibaya Marcelino, hata baba alipoinama kukata, goti likalia, alisema mpe Marcelino, hakutaja jina lingine, nami nimetembea na reli nzima nikihesabu aibu zangu, maji ya Polycarp, kofia ya Polycarp, bustani ya Posta, na nikazipanga zote kati ya wanaume, baba na kaka, mimi na Polycarp, na aliyembeba mtoto hakuna aliyewaza kumkatia hata unyasi, naye ndiye amechemsha maji.

Hapana, hili la njano halitoki, litabaki hapa lioze na jasho langu, nilitaka kumdanganya kaka na kumbe nilikuwa nataka kumpa huyu mama takataka ya bustani, basi, Marcelino akirudi nitamwambia, nitaanza na Hedaru, nitamwambia baba aliinama kweli, hilo alijue, aliinama na mimi nikaila radhi yake, anifukuze, aninyang'anye hii miguu iliyooshwa, sawa, hiyo ni nyepesi, nashangaa ilivyo nyepesi, nzito ni ile nyingine, nitapanda treni daraja la tatu, hakuna wa kunipigia makofi, na yule mzee nitamkuta pale pale kizingitini anasubiri kuambiwa mwanawe amelia, nami nitamwambia, baba, chukua kisu, inama tena... kaka anakohoa huko mbele, wanahesabiana chenji, Agnesi anasema mguu mwingine, shemeji, nami siutoi bado, nayatafuta maneno ambayo mtoto wa kwetu hajawahi kumwambia baba yake, nimeyapata, ni machache, baba, safari hii kata mawili.