Abiria wa Mzee Omagor

Kwa kushona sare za shule, Malaba nzima hakuna aliyemfikia Asekenye. Shida ilikuwa baba yake. Mzee Omagor alimaliza ujana wake akivusha watu mpakani kwa baiskeli, na sasa akili ilipoanza kumtoka, kazi ndiyo ilikataa kutoka. Kila asubuhi anachomoka nyumbani na baiskeli yake, huyo, anaenda kusimama katikati ya malori. Simu ikilia kwamba mzee yuko barabarani, Asekenye anaacha cherehani na kukimbia.

"Ukitoka tena kabla ya jioni, usirudi," Teresa, mwenye karakana, alikuwa ameshamwambia. Si roho mbaya, kazi za watu zilikuwa zinachelewa. Lakini bila kazi hiyo, mzee angekula nini?

Alhamisi simu ikalia. Asekenye akaweka mkasi mezani, machozi yakimlenga. "Boss, wacha tu nifutwe. Malori yatamkanyaga."

Teresa akaangalia lile rundo la sare, akamwangalia Asekenye. Halafu akachukua mkoba wake. "Wewe kaa ushone. Nitaenda mimi."

Asekenye akashona roho ikiwa juu. Teresa atamtoaje pale? Ukimshika mzee mkono, matusi utakayopata hutayasahau.

Haikupita muda, Mourine, mshona vifungo, akawaita wenzake dirishani. Teresa, na mwili wake ule, alikuwa amekaa upande kwenye keria, na mzee anasukuma baiskeli jasho likimtiririka, kichwa juu kama bwana harusi.

Teresa akashuka. "Asante, mzee. Ningoje hapa barazani. Nikimaliza kazi utanirudisha."

Basi. Mtu wa boda akishaambiwa ngoja, ataenda wapi? Omagor akaegesha baiskeli, akakaa.

"Aliniuliza, 'Mama, wapi?' Nikapanda," Teresa akawaambia ndani, akijishika kiuno. "Kesho atapanda Mourine. Tutapokezana, kila mtu na siku yake. Na wewe Asekenye, hiyo simu izime."

Mchana Asekenye akamtolea baba yake chai na muhogo. Mzee akapokea, akamtazama kwa adabu, kama mtu asiyemjua.

"Pole dada, tafuta mwingine," akasema. "Mimi leo nina abiria."

Ilimchoma, ndiyo. Lakini moyo wake ulijaa furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Akamwambia hakuna shida, akarudi kwenye cherehani yake, na siku hiyo alishona mpaka jioni.