Lango la Herufi ya Kwanza

Jioni ofisini, Mwalimu Chausiku alikuwa akikata kadi ya kumi na tisa ya kuandikia sifa, karatasi za manila zimetapakaa meza nzima, usingizi ulipomchukua ameshika mkasi. Asubuhi ya siku hiyo, katika mchezo wa kufahamiana wa kidato cha kwanza A, kila mwanafunzi alitakiwa kusimama na kutaja jina lake na sifa yenye kuanza na herufi ileile. Msichana aitwaye Vumilia alisimama kimya hadi darasa likacheka. Akaomba ruhusa ya kwenda chooni, asirudi. Wenzake walisema amekwenda kwao na hataki shule tena. Kesho ilikuwa zamu ya B.

Akajiona katika nchi ya vumbi jeupe, kwenye foleni ndefu mbele ya lango, na ambaye jua lingemchwea nje angelala na fisi. Bawabu, Bwana Mchangamko, alikuwa akipiga makofi.

"Jina na sifa! Upesi!"

"Mwanakombo Mcheshi!"

"Pita!"

"Mosi Mkarimu!"

"Pita, ndugu yangu!"

"Hadija Hodari!"

"Pita! Na wewe?"

"Chausiku... Ch..."

"Chafu!" alidakia Dhihaka, aliyeketi juu ya ukuta akitafuna muwa.

"Mchafu inaanza na M!" Chausiku alipinga.

"Haya, mmesikia? Kakiri mwenyewe!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi mmoja mwembamba akamvuta pembeni kwa ncha ya kanga.

"Mimi ndimi Soni, mwanangu, wengine huniita Haya. Watazame wanaopita. Wangapi wana M?"

"Karibu wote."

"Lugha yetu ikimsifu mtu aghalabu humtangulizia M: mzuri, mwerevu, mpole. Wale walikuja na ufunguo. Ninyi mliobaki nje mnaambiwa mna haya, nami nasingiziwa. Asubuhi sikuwa hata karibu na mtoto yule. Alikuwa anatafuta neno."

Lango likafungwa kwa kishindo. Chausiku akazinduka, mkasi ulikuwa umeanguka sakafuni. Akachukua kalamu, akajaribu V. Mvumilivu. Mvivu. Akapata moja tu, vuguvugu, na hilo huwezi kumwita mtu. Alikuwa amemsimamisha mtoto mbele ya wenzake hamsini, akimdai neno ambalo yeye, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka kumi na moja, hakuwa nalo.

Mwalimu mwenzake, Mbwambo, akachungulia mlangoni. "Madamu, kadi za kesho tayari?"

"Bado. Mchezo nimeufuta. Watakaa wawili wawili, waulizane nani aliwapa majina." Akainuka, akachukua mkoba.

"Sasa mbona unaondoka?"

"Naenda kwao Vumilia."

"Kumbembeleza?"

"Kumwambia swali langu lilikuwa na kosa."

Akazibana kadi kwa rula zisipeperuke. Tano zilikuwa na sifa alizokwisha kuandika, zilizosalia tupu.