Korija ya Ishirini na Mbili

Jumatatu moja ya mwaka 1951, baada ya bamvua, Mwinjuma, karani wa hesabu, alifika kwenye uga wa boriti pale Nyamisati saa moja na nusu asubuhi. Alivua viatu asivichafue kwa tope, akavipanga juu ya sanduku, kisha akaona kwamba baadhi ya boriti zimeota mizizi.

Zilikuwa boriti za mkandaa, mti wa mikokoni, zimemenywa magome, zimelazwa kwa mafungu, kila fungu korija moja, zikisubiri chombo cha kuzipeleka Mombasa. Sasa baadhi yake zilikuwa zimesimama wima, mizizi imezama topeni, na majani mabichi yamechipua kileleni. Mwinjuma alizihesabu kabla ya kunywa chai. Zilikuwa mia moja themanini na nne. Katika kila korija zilikuwa mbili, si moja wala tatu.

Aliijua hesabu hiyo, kwa kuwa aliibuni mwenyewe.

Miezi sita nyuma faida ya kampuni ilikuwa imeshuka, na meneja, Bwana Garnet, akawauliza makarani wake nini kifanyike. Wengine walitaka mashua kubwa zaidi. Mwinjuma akaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko safi. Aliandika kwamba kazi ya mtu wa hesabu si kuorodhesha yaliyopita tu, bali ni kuionyesha kampuni njia ya kukua, na njia yenyewe ni korija. Tangu zamani korija ya boriti ni ishirini, ukinunua na ukiuza. Yeye alishauri korija ya kununulia iwe ishirini na mbili, zile mbili za ziada zisilipiwe, ziitwe za kuvunjika, na korija ya kuuzia ibaki ishirini. Bwana Garnet aliusoma ukurasa mara mbili, kisha akamwambia aketi. Hakuna karani aliyewahi kuketi katika ofisi ile. Wiki nzima Mwinjuma alitembea kama mtu aliyejitwika yai.

Wakataji walinung'unika, wakaendelea kukata, maana mnunuzi mwingine hakuwepo. Katika miezi ile sita haikuvunjika hata boriti moja.

Basi asubuhi ile aliandika, "Zilizochipua: 184," akalinganisha na safu ya daftari yenye za kuvunjika zilizokuwa bado ugani. Zilikubaliana, akafurahi. Bwana Garnet alitoka barazani na kikombe chake, akaitazama miti, akauliza kama itawazibia wapagazi njia. Mwinjuma akasema haitaziba. Bwana Garnet akarudi ndani.

Jumatano akaja Zamda. Alikuwa dada yake Mwinjuma, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na sasa ni mke wa Kibwana, mkataji wa kisiwani. Kibwana alikuwa amejikata mguu kwa shoka, na kidonda kimevimba. Zamda alimwacha kwenye mtumbwi, mguu umefungwa kanga, akapita katikati ya mafungu mpaka alipoona alama za shoka la mumewe.

"Hizi nane ni za Kibwana," alisema. "Nilipe, nimpeleke hospitali Utete."

"Hizo ni za kuvunjika, dada."

"Ipi imevunjika?"

Mwinjuma akazitazama. Kwenye mmoja wa miti ile ndege alikuwa ameshaanza kujenga kiota. "Ni jina tu la hesabu," alisema.

"Ni shilingi tatu na senti sitini. Sikuombi sadaka, Mwinjuma."

"Kwenye daftari si zake."

"Boriti zenyewe zimejua hazijalipwa, zikakataa kulala. Wewe umesomeshwa miaka saba."

Mshahara wake ulikuwa mfukoni, alikuwa akiusikia pajani. Lakini aliona kwamba akitoa hata thumni atakuwa amekiri kuna deni, na deni lazima liandikwe mahali. Aliona haya kidogo. Alisimama akaingoja haya ile ipite, ikapita. Zamda akarudi mtumbwini. Utete hawakufika. Kibwana alitibiwa kwa majani, akapona, ila mguu ukabaki kombo.

Mwezi haukuisha, kila mti katika ile mia moja themanini na nne ulikuwa umetoa pembeni machipukizi yaliyofikia unene wa kuuzwa. Hapo Mwinjuma akaandika ukurasa wa pili. Alieleza kwamba boriti isiyolipwa huota, na inayoota huzaa. Alieleza pia kwamba mti uliomea ndani ya uga haukatiwi leseni ya msitu. Kwa hiyo kampuni ikitaka kukua, iongeze zile isizozilipia. Korija ya kununulia ikawa ishirini na nne. Zikaota nne nne. Ikawa ishirini na sita, zikaota sita sita.

Uga ukageuka msitu. Kaa wakachimba mashimo chini ya mizani, na maji yakijaa yalifika mpaka kizingiti cha ofisi. Bwana Misitu alikuja kukagua, akazunguka siku nzima na buti zake, kisha akaandika kwamba huo si msitu kwa kuwa umezungushiwa ua. Bwana Garnet akapandishwa cheo, akahamia Dar es Salaam. Mwinjuma aliongezewa shilingi kumi na kupewa baiskeli, ambayo kwa sababu ya tope ilibidi aibebe begani kwenda kazini na kurudi.

Kwa kuwa miti ilikuwa karibu, kampuni iliajiri wakataji wasioweza tena kupiga kasia kwenda mbali. Kibwana alikuwa wa kwanza. Alichechemea kati ya miti akikata boriti zile zile alizokwisha kuzikata, na Zamda akizibeba mpaka mezani kwa mdogo wake.

"Ishirini na sita," Zamda alisema siku ya kwanza.

"Korija moja," Mwinjuma akaandika.

Zamda akapokea malipo ya boriti ishirini. Alifunga hela kwenye pindo la kanga. Mwinjuma, aliyekuwa na moyo mwepesi siku ile, akamwambia kesho kutwa ni Idi, waje na shemeji wale pilau kwake.

"Kwako sahani moja ni ngapi, karani?" Zamda aliuliza.

Mwinjuma aliona ni swali la haki. Alilifikiria kwa dakika kadhaa, kalamu mkononi, na alipoinua uso dada yake alikuwa ameshaingia msituni kumfuata mumewe. Nyuma ya kiti, boriti sita za Kibwana zilikuwa zikisimama taratibu, moja baada ya moja, zikitafuta tope. Mwinjuma akazisogezea nafasi, akaziandika.