Bunduki ya Marehemu Ndani ya Boma

Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa nimetunga sheria nyingi kuliko Bunge. Katika shule yetu ya bweni nilikuwa nikibandika matangazo ubaoni kwa lugha nzito ya ofisi, na watu waliyatii. Muhula mmoja nilitangaza kwamba kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza alete godoro lake uwanjani likapimwe urefu. Wakaleta. Mvua ikayanyeshea. Nilichapwa fimbo sita, na tangu hapo wenzangu wakaniita Wakili. Jina hilo lilinifuata mpaka nyumbani Seme, ambako hakuna aliyejua kwamba ni la mzaha.

Babu yangu, Mzee Oduor, alifariki Februari mwaka 1971. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, ya kuwatishia viboko waliopanda kutoka ziwani kula mahindi. Alikuwa na cheti pia. Kila ulipofika wakati wake alivaa koti, akaenda Kisumu kigongwe mhuri, kisha akakirudisha ndani ya kopo la biskuti, juu ya kadi yake ya ubatizo.

Mzee akifa kwetu hufanywa tero buru. Wanaume huchukua mikuki na ngao, wakaswaga ng'ombe mbio mpaka nje ya kijiji kukifukuza kifo, wakarudi wakiimba. Mwana wa kwanza hubeba silaha ya baba yake. Mpini wa mkuki wa babu ulikuwa umeliwa na mchwa miaka mingi. Ilibaki bunduki.

Mwana wa kwanza alikuwa baba mkubwa Dishon, aliyetengeneza baiskeli sokoni Kombewa. Alikuwa mtu mwangalifu, wa kukaza nati mara mbili. Asubuhi ya maziko alinivuta nyuma ya ghala.

"Wakili, nyinyi mnasoma mambo ya serikali huko. Nikishika bunduki ya Mzee, ni makosa?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilifunga mikono nyuma na kukohoa kidogo.

"Swali ni moja tu, baba mkubwa. Ardhi hii ni ya nani?"

"Yetu."

"Basi. Barabara ni ya serikali, boma ni lako. Ukitoka langoni umevunja sheria. Ukibaki ndani ya ua, hata mkubwa wa polisi hana la kukuuliza."

"Imeandikwa?"

"Kifungu cha kumi na nane, sehemu ya pili."

Hakukuwa na kifungu. Nilikuwa nimelia siku nne na nilitaka kucheka kidogo moyoni, basi.

Saa tano, baada ya maziko, wanaume walitoka na ng'ombe, vumbi likapanda. Dishon alibaki. Alitembea na bunduki begani kutoka kaburini mpaka langoni, akageuka kama askari wa gwaride, akarudi, akaenda tena. Kila alipofika langoni alitazama chini kuhakikisha vidole vyake havijavuka.

Chini ya turubai alikuwa ameketi Koplo Wakhisi, aliyetumwa kuangalia usalama wa umati. Aliweka kikombe chake cha chai chini na kumwendea.

"Bwana, bunduki hiyo ni yako?"

"Ni ya Mzee. Iko na cheti."

Mkewe Dishon, mama mkubwa Perez, alileta kopo. Koplo alisoma polepole, mbele na nyuma.

"Huyu Oduor mwenye cheti yuko wapi?"

Dishon alionyesha kaburi kwa kidevu. "Tumemzika saa nne."

Watu wa nyuma walicheka. Koplo hakucheka.

"Cheti ni cha mtu, Bwana, na huyu mtu hayupo. Mlipaswa kuleta bunduki kituoni. Sasa wewe unaibeba hadharani na huna karatasi hata moja."

"Iko tupu. Na mimi niko ndani ya boma langu."

"Hata ungekuwa ndani ya kitanda chako."

"Sijatoka langoni. Kifungu cha kumi na nane kinasema—"

"Cha sheria gani?"

Dishon alinitafuta kwa macho, akaniona, kisha akatazama miguu yake. "Nilisikia tu," akasema.

Walimchukua na nguo zake za msiba. Polisi walipinga dhamana kwa sababu kesi ilihusu silaha, akawekwa mahabusu. Mimi nilirudi shule. Sikubandika tangazo lolote muhula huo, na mwalimu wa zamu akafikiri naumwa.

Niliporudi kwa likizo ya Aprili kesi ilikuwa imeahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza faili haikuwa tayari. Mara ya pili koplo alikuwa amepelekwa Awasi. Mara ya tatu hakimu alikuwa na malaria. Kila mara baba yangu, Nicodemus, alitembea mpaka barabarani alfajiri, akashinda kwenye benchi la mahakama Kisumu, akarudi na viatu mkononi.

Na mvua zilikuwa zimeshuka. Mahindi ya majirani yalifika magotini. Mashamba yetu yalikuwa yamelimwa yakalala wazi, meusi, yakianza kuota magugu, kwa sababu kwetu mdogo hatii mbegu ardhini kabla ya mkubwa wake. Baba wa boma akishakufa, anayeanza ni mwana wa kwanza, na mwana wa kwanza alikuwa ndani. Nyumba nne zilimngoja. Mbegu zilining'inia jikoni kwetu zikipigwa moshi.

"Nicodemus," mama yangu Selpha alisema, "mvua haimngoji hakimu."

"Najua."

"Tutakula nini Agosti? Desturi?"

"Nikimtangulia kaka yangu, nimemzika yeye pia," baba alisema, bila kuinua sauti. Alikuwa amechoka hata kugombana.

Mara ya nne nilikwenda naye. Hakimu, Bwana Shitanda, alikuwa bado na macho ya njano ya homa. Dishon alikuwa amekonda shingo. Alikubali kosa.

"Una la kusema kabla ya hukumu?"

"Nilidhani boma ni langu, Mheshimiwa. Niliambiwa kuna kifungu."

"Boma ni lako. Sheria ya silaha haiishii kwenye ua. Nani alikudanganya?"

Nikasimama.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Walter. Mtoto wa mdogo wake."

"Ulikisoma wapi kifungu hicho?"

"Sikukisoma. Nilikitunga."

Mtu mmoja alicheka, akakoma. Baba hakugeuka kunitazama.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa utani."

"Keti. Utani wako si kinga yake. Ni mtu mzima, na kituo cha polisi hakiko mbali." Alimgeukia Dishon. "Bunduki itachukuliwa na serikali. Nawaza kifungo cha miezi mitatu."

"Sikatai, Mheshimiwa. Naomba siku moja tu ya kutia mbegu."

"Huna mke?"

"Yuko. Lakini nisipoanza mimi, hakuna nyumba inayopanda. Ziko nne."

"Kwetu si hivyo."

"Najua, Mheshimiwa. Ningezaliwa kwenu ningekuwa nimeshapanda."

Hakimu alivua miwani, akajisugua macho kwa muda mrefu. "Sheria haina kifungu cha mbegu," akasema, "wala sitaki mtu anitungie. Ila hukumu yangu sijaiandika. Nitaisoma Ijumaa saa tatu. Nani atamdhamini?"

Baba alisimama.

"Asipokuja?"

"Mtanichukua mimi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi Dishon aliingia shambani na Perez. Alichimba mashimo machache, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Mama alikuwa amesimama mpakani na jembe tayari, na baba alipotia mbegu kwenye shimo lake la kwanza, mama alianza kuchimba kama anayekimbizwa. Baba zangu wadogo, yaani wadogo zake baba, wakafuata na watoto wao wote.

Nilipewa mstari jirani na wa Dishon. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Wakili," alisema karibu na adhuhuri.

"Naam."

"Mashimo yako ni marefu mno. Mbegu itaoza."

Nikayapunguza. Tukaenda hatua kama ishirini.

"Nikikaa nyumbani Ijumaa, kuna kifungu?"

"Hakuna, baba mkubwa."

"Nilifikiri utakuwa nacho," akasema, akanyoosha mgongo, akaendelea.

Ijumaa aliondoka kabla ya chai, amevaa koti. Kilikuwa kimebaki kipande cha chini, upande wa ziwa, na wingu lilikuwa likija, kwa hiyo baba peke yake ndiye aliyemsindikiza. Sisi wengine tuliinama tukapanda.