Kidumu cha Lita Tatu

Wiki ya tatu tangu nipasuliwe ngiri, jirani yetu mzee Mashimba alifariki. Kwetu Mkolani sheria ya msiba inajulikana: siku ya kwanza kila mwanamke wa mtaa anapeleka kwa wafiwa ndoo moja ya maji. Asiyepeleka, siku akifiwa yeye hakuna anayekuja. Nami naishi na bibi, amezeeka sana.

Ngiri niliipata mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kwa kubeba makreti ya sangara. Niliacha shule darasa la tano, na tangu viwanda vya minofu vifunguliwe kazi ya kubeba ilikuwa haiishi. Daktari alinikataza kuinua kitu kizito kuliko birika la chai kwa miezi mitatu. "Ila tembea," alisema. "Tembea sana."

Basi nilikwenda kisimani na kidumu cha mafuta ya kula, cha lita tatu, nikakibeba mkononi. Nilipomimina maji kwenye pipa la wafiwa, Modesta, niliyekuwa nabeba naye samaki, akasema, "Odeta, hayo ni ya kupikia au ya kunywesha kuku?"

Wanawake wakacheka chini chini, kwa kuwa ni msiba.

"Nimepasuliwa ngiri," nikasema, nikiangalia miguu yangu.

"Ngiri ni ya wanaume, mdogo wangu. Sema ulichotolewa."

Kumbe wiki zote hizo mtaa ulikuwa unasema nimetoa mimba.

Mama Kashindye, anayesimamia wanawake misibani, hakucheka. "Binti, sheria ni ndoo. Nikikuachia wewe, kesho kila mtu atakuwa na kidonda."

"Ndoo ina lita ngapi, mama?"

"Ishirini."

"Nitazileta."

Kisima kiko nyuma ya shule. Sikukimbia. Safari ya tatu mshono ulianza kuvuta, nikasimama kidogo, nikaendelea. Safari ya nne nilikutana na Modesta, ndoo kichwani, shingo imekaza.

"Utaumia kwa ubishi wako," akasema.

"Kwa ndoo ndiyo ningeumia."

Nilipomimina kidumu cha sita, Mama Kashindye akanishika mkono. "Inatosha, Odeta. Tumeona. Kaa na wenzako."

Wakasogea kunipa nafasi kwenye mkeka. Miguu yangu ilitamani kukaa.

"Sita mara tatu ni kumi na nane, mama," nikasema, na safari hii nilimtazama usoni. "Hilo nilifika kulisoma. Sitaki kesho mtu aseme nilisamehewa."

Nikachukua kidumu changu. Nilipofika langoni Modesta akanifuata, akauliza kwa sauti ndogo, mkono ameushikia kinenani, eti hiyo ngiri inaanza kuuma wapi.

"Nisubiri," nikamwambia. "Nikirudi na cha saba nitakuonyesha."