Pingili ya Saba

Jumanne moja ya mwezi wa Julai maji yaliingia saa saba na nusu mchana, kupitia chini ya mlango wa jikoni kama kawaida, na Yeonsim akainua sufuria ya umeme ya wali akaiweka juu ya kabati. Jana yake yalikuwa yameingia saa saba kasoro dakika ishirini. Kesho yake yangeingia saa nane na dakika ishirini, kwa maana mwezi huchelewa kila siku na maji huusubiri. Alikunja godoro akaliweka mezani, akavaa mabuti ya mpira, akarudi kumenya vitunguu saumu. Maji yalipomfika magotini alihamia juu ya meza na sinia lake. Kaa wawili wadogo walimpita wakielekea chumbani. Uani kuku walikuwa wakichakura vumbi, maana maji yale hayakuvuka kizingiti cha mlango wa mbele hata siku moja.

Bahari yenyewe ilikuwa kilomita nane kutoka pale, nyuma ya ukuta uliojengwa kuizuia.

"Mama Giseok!" jirani yake, mama Deokman, aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Yamefika wapi?"

"Magotini!"

"Haya, basi ngoja nimeze dawa yangu ya presha."

Mama Deokman alikuwa na saa ukutani, lakini hakuiamini. Ilinunuliwa mjini.

Mavyaa wa Yeonsim, Pilye, aliingia na maji, kapu mgongoni, kitambaa kimefungwa kidevuni. Alikuwa amekufa mwaka uliopita. Alitua kapu, akatazama sinia.

"Unamenya vitunguu au unavichinja? Nusu yote inakwenda na maganda. Ningekuwa hai ningekupokonya hicho kisu."

"Umekula, mama?"

"Nile nini huko? Hebu nisomee ile karatasi."

Yeonsim alijikausha mikono, akaitoa ile karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliotundikwa darini. Ilikuwa taarifa ya ofisi ya ukuta juu ya kifo cha Yu Pilye, umri miaka sabini na mbili, mchimba kome. Chini palikuwa na muhuri mwekundu. Pilye hakujua kusoma, ila mihuri aliijua na kuiheshimu. Yeonsim alisoma polepole: jina, umri, mahali, saa kumi jioni, tarehe ishirini na tano Agosti. Alipofika mstari wa sita aliuruka, akamalizia na majina ya waliotia saini.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

"Vizuri. Wameandika kwa adabu." Pilye alirudisha kapu lake mgongoni, na maji yalipoanza kupwa akatoka nayo kwenda kazini.

Mstari wa sita ulisema: *Chanzo cha kifo: marehemu alikosea hesabu ya maji.*

Sasa, yeyote aliyemjua Pilye atakwambia kwamba huo ni uzushi mtupu. Kijiji kizima kilikuwa kikihesabu maji kwa mkono wake wa kushoto. Vidole vinne vyenye pingili tatu tatu, na kidole gumba chenye mbili, jumla kumi na nne. Ya kumi na tano ni kiganja, kisha unaanza upya. Kila asubuhi wanawake waliochimba kome topeni walipita mlangoni kwake wakiuliza, "Dada mkubwa, leo ni ya ngapi?" naye hujibu bila kuinua macho kwenye bakuli la uji. Alipoolewa, Yeonsim alifundishwa somo hilo siku ya pili, kabla ya kuonyeshwa mtungi wa kabeji ya kuchachushwa ulipo. "Jua na mwezi wakivuta kamba pamoja, au mmoja mbele mmoja nyuma nasi tupo katikati, maji ni bamvua, yanakuja na kelele, usicheze nayo. Mmoja akivuta huku na mwingine akavuta ubavuni, kila mtu na lake, maji ni mafu, mtoto anaweza kuyavuka. Basi. Umemaliza chuo kikuu." Kwa miaka arobaini na mmoja hakuna mwanamke wa kijiji kile aliyekutwa na maji.

Ndipo ukaja ukuta. Walifunga bahari yote, wakabakiza milango miwili iliyoachwa nusu wazi, na maji yakawa bado yanaingia na kutoka kwa saa zake, ila kwa unyonge. Siku ya saba ya mwezi wa saba, kwa hesabu ya mwezi, siku ya maji mafu, Pilye alikuwa topeni akivuta chuma chake cha kuchokolea kome kilichofungwa kiunoni. Kule ukutani walikuwa wamefika wageni wa heshima wakitaka kuona jinsi milango inavyofanya kazi. Ikainuliwa yote miwili hadi juu, na maji yakafika topeni nje ya saa zake. Honi ya kuwaonya wachimbaji haikupigwa. Wageni walipiga makofi, na sauti ilifika kijijini kwa upepo.

Wakati wa baridi milango ikafungwa moja kwa moja. Tope likakauka, likapasuka, kome wakafa midomo wazi. Siku ya tatu baada ya hapo maji yakaja nyumbani kwa Yeonsim, Pilye nyuma yake, na asubuhi ile mama Deokman alisema ilikuwa lazima yaende mahali.

Yeonsim hakutaka fidia. Alitaka mstari mmoja tu ufutwe, kabla mavyaa wake hajapata mtu mwingine wa kumsomea. Aliandika ofisini mara tano. Mara ya tano alieleza habari ya maji: kwamba bahari ya zamani sasa inaingia jikoni kwake bila kuharibiwa na mlango wa mtu yeyote, kwa saa zile zile za mwezi, na kwamba wakija siku ya saba ya mwezi wa saba, saa kumi jioni, wataikuta sakafu kavu. Wataona kwa macho yao kwamba siku kama ile, saa kama ile, maji ya haki hayamfikii mtu hata kifundoni.

Ofisi ikajibu kwa heshima. Ombi limekubaliwa. Mkaguzi, Bwana Pyo, atafika baada ya mwaka mmoja kamili tangu tukio, yaani tarehe ishirini na tano Agosti, saa kumi jioni.

Yeonsim alipiga simu. Alieleza kwamba mwaka wa jua na miezi ya mwezi haviendi sambamba. Jua hupitiliza kwa siku kumi na moja. Mwaka huu siku ya saba itaangukia tarehe kumi na nne. Tarehe ishirini na tano itakuwa siku ya kumi na nane, bamvua bado lina nguvu.

"Mama, mwaka ni mwaka," alisema binti wa simu, kwa upole kabisa. "Tukianza kufuata mwezi, mishahara tutalipwa lini?"

Tarehe kumi na nne, siku ya saba ya mwezi wa saba, Yeonsim aliandaa sadaka ya mwaka ya mavyaa wake: wali, samaki mzima, keki za mchele, pombe ya mchele kwenye kikombe kidogo. Asubuhi maji yalilamba kizingiti cha jikoni yakarudi. Saa kumi jioni sakafu ilikuwa kavu, mavumbi yanaonekana. Alikaa juu yake miguu imenyooka, yeye na mama Deokman, wakatazama saa.

"Kavu kama ulimi wangu," alisema mama Deokman. "Na huyo Pyo wenu?"

"Anakuja tarehe ishirini na tano."

"Ala! Si ni sawa na kuja arusini baada ya watoto kuzaliwa." Alijimiminia pombe. "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hawa wamenyonga, haki wamekwenda nayo."

Yeonsim alilia kidogo, akajifuta, akala samaki.

Siku ya kumi na tano mwezi ulitoka jioni ukiwa tayari umepatwa. Dunia ilikuwa imekaa katikati sawasawa, na kivuli chake kilikuwa juu ya mwezi, mwekundu wa kutu. Maji yalikuwa yamefika kiunoni tangu saa kumi, na yalitakiwa kuanza kutoka. Hayakutoka. Yalisimama tu, bila wimbi, na kaa wote wakatulia kwenye kuta za jikoni wakitazama upande mmoja. Mbwa hawakubweka. Pilye naye hakuondoka. Alisimama dirishani na kapu lake tupu, shingo imeinuliwa.

"Mstari mmoja," alisema. "Jua kule chini, sisi hapa, mwezi pale. Ukiuona umekaa hivyo usiende topeni, mama Giseok, hata wakikupa kijiji kizima."

"Siendi, mama."

"Najua huendi. Tope lenyewe halipo." Maji yalikuwa baridi kuliko siku zote. "Miaka arobaini na mmoja. Sijakosea hata mara moja, au siyo?"

"Hata mara moja."

"Waliandika hivyo kwenye karatasi?"

Yeonsim alisema ndiyo. Kivuli kilipouachia mwezi, maji yalianza kutoka, na mwanamke yule akayafuata akiwa ameridhika.

Tarehe ishirini na tano Bwana Pyo alifika dakika tano kabla ya saa kumi. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Alivua viatu mlangoni kama mtu aliyelelewa, akaviweka vimetazama nje, akakunja suruali, kisha akaona haina maana akaikunjua. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Aliinua mkoba wake juu ya kichwa.

"Shikamoo mama. Poleni na maji."

"Marahaba. Leo siyo siku yake, Bwana Pyo. Leo ni ya kumi na nane."

"Naelewa mama, naelewa." Alielewa kweli. "Lakini nimetumwa kwa tarehe hii."

Pilye alikuwepo, amekaa kwenye ngazi ya darini akichambua mwani. Bwana Pyo alimwinamia kwa heshima, naye akamwitikia kwa kichwa. Kijana alifunga utepe wa kupimia kwenye nguzo, akatazama saa. Kisha akatoa taarifa kwenye mkoba.

"Utaratibu unataka nianze kwa kuisoma mbele ya wahusika."

"Haina haja," Yeonsim alisema upesi. "Tunaijua. Bwana Pyo, nakuomba. Pima tu uende."

"Nisiposoma, mama, ukaguzi unabatilika. Nitakuwa nimekunyima haki yako." Akakohoa kidogo. Alisoma jina, umri, mahali, saa na tarehe. Yeonsim aliangusha sinia la chuma makusudi, likapiga maji, likazama. Kijana akasubiri kwa adabu hadi kelele zikaisha. Kisha akasoma mstari wa sita, wazi, herufi kwa herufi.

Pilye aliacha kuchambua mwani.

Hakumtazama Bwana Pyo. Alimtazama mkamwana wake, na Yeonsim akatamani maji yapande yamfunike. Kisha Pilye akafungua mkono wa kushoto, akaweka kidole gumba kwenye pingili ya kwanza, akaanza kuhesabu.

"Bibi Yu," alisema Bwana Pyo, kalamu juu ya karatasi, "una la kusema?"

"Muhuri upo?" Pilye aliuliza.

Akamwonyesha. Pilye aliutazama ule wekundu kwa muda.

"Siku ile ilikuwa ya saba," alisema. "Nilihesabu ya saba." Alifika pingili ya saba, akasimama, akaanza tena. "Wenye muhuri wamepima na mashine zao. Labda niliruka moja."

"Hukuruka, mama!" Yeonsim alipiga kelele. "Waliinua milango! Wageni walikuja, wakapiga makofi, sote tulisikia!"

"Hilo la makofi halimo kwenye faili," alisema Bwana Pyo kwa huruma, na akaandika alichokipima: *saa kumi jioni, maji mita moja na sentimita thelathini.* Chini yake akaandika: *Marehemu amehojiwa. Anasema labda.* Alishukuru, akakamua miguu ya suruali uani, akavaa viatu vilivyokuwa vikavu.

Barua ilifika Septemba. Ukaguzi umethibitisha kuwa mahali hapo, tarehe hiyo, saa hiyo, maji huwa mengi. Mstari wa sita unabaki ulivyo. Pamoja na barua kulikuwa na kibao cha bati, *Hatari, Maji Marefu*, ambacho Yeonsim aliombwa akitundike jikoni. Akakitundika. Mama Deokman alisema walau herufi zake zinasomeka bila miwani.

Kesho yake maji yaliingia saa nane kasoro dakika kumi, kama mwezi ulivyotaka. Yeonsim aliinua sufuria ya wali, akakunja godoro, akasubiri. Mlangoni hapakuwa na mtu. Maji yalipita magoti, na Pilye, ambaye hakuwahi kuchelewa nyuma ya maji akiwa hai wala akiwa amekufa, alikuwa bado hajafika.

Aliingia maji yakiwa kiunoni. Kapu lilikuwa limekaa upande. Hakusema neno juu ya vitunguu. Alisimama kando ya kabati, mkono wa kushoto umefunguka mbele yake, akiutazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Mama Giseok," alisema taratibu, "samahani. Leo ni ya ngapi?"

"Ya kumi na saba, mama."

"Ahsante," alisema Pilye, akabana pingili kwa kidole gumba ili asisahau, akaenda kusimama karibu na mlango kungoja maji yatoke.